Rekodi ya jukwaani katika muziki wa gitaa wa Mara

Rekodi ya jukwaani ni rekodi ya muziki iliyonaswa wakati wanamuziki wakipiga mbele ya watu, iwe ukumbini, uwanjani au kwenye baraza ya baa, bila kurudia makosa na bila kuongeza ala baadaye. Huitwa pia rekodi ya moja kwa moja na, kwa lugha ya mtaani, rekodi ya laivu. Neno mubashara hutumika zaidi kwa matangazo ya redio na televisheni yanayorushwa papo hapo.

Makala hii inahusu hasa muziki wa magitaa ya umeme wa Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania: bendi za mji wa Musoma, barabara inayopita Bunda, na wanamuziki wa mkoa huo waliovuka mpaka kwenda kurekodi Kenya. Katika muziki huo sehemu ndefu ya ala, isiyo na maneno, ndiyo iliyokuwa kilele cha dansi. Sehemu hiyohiyo ndiyo iliyofupishwa zaidi ilipowekwa kwenye santuri. Anayeijua bendi ya zamani kwa santuri zake peke yake basi amesikia nusu yake tu, na mara nyingi ni ile nusu ambayo wachezaji dansi walikuwa bado wamekaa.

Historia kwa ufupi

Rekodi za mwanzo kabisa zote zilikuwa za moja kwa moja kwa namna fulani. Kila aliyetaka kusikika ilimbidi apige kwa wakati mmoja na wenzake, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Utepe wa sumaku, ulioenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uliwezesha kukata na kuunga, na baadaye kuweka sauti moja juu ya nyingine. Kuanzia hapo kurekodi jukwaani kukawa ni uamuzi, na mara nyingi wenye kampuni hawakuupenda. James Brown alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Apollo, New York, mnamo Oktoba 1962 kwa fedha zake mwenyewe, kwa sababu kampuni yake haikuamini kwamba kuna atakayenunua nyimbo ambazo tayari zilikuwa sokoni. Albamu ilitoka mwaka 1963 na ikauzwa sana. Mwaka 1968 Johnny Cash alirekodi mbele ya wafungwa wa gereza la Folsom, California, nayo ikawa kati ya kazi zake zinazojulikana zaidi.

Bendi za roki za ala tupu zilifaidika kwa njia yake. The Ventures, iliyoanzishwa mwaka 1958 huko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, ilipata umaarufu mwaka 1960 kwa "Walk, Don't Run". Mwaka huohuo The Shadows wa Uingereza walitoa "Apache". Rekodi ya The Ventures iliyofanywa Japani mwaka 1965 inaonyesha kwa nini jukwaa liliwafaa. Wasikilizaji hawakuhitaji Kiingereza, kwa kuwa hakukuwa na maneno ya kufasiri. Walishangilia mdundo na mlio wa nyuzi. Kwenye rekodi ya namna hiyo mpiga gitaa hana pa kujificha. Akipoteza mdundo hakuna mwimbaji wa kumfunika, na makelele ya ukumbi yanasema mara moja kama wimbo umekubalika.

Nyuzi kabla ya gitaa

Bendi za Mara hazikuwa za roki, na zilikuwa na waimbaji. Lakini masikio ya watu wa eneo hilo yalikuwa yamezoea kusikiliza nyuzi kwa muda mrefu kabla ya gitaa la umeme kufika. Wakuria wa Tarime na Serengeti wana litungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayonguruma. Wajaluo wa Rorya na ng'ambo ya mpaka wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane. Mpiga nyatiti huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ubao wa chombo wakati vidole vya mikono vikicheza nyuzi. Mtu mmoja anakuwa bendi: ana nyuzi, ana ngoma, ana sauti. Anapokwisha kuimba beti kadhaa hunyamaza na kuziachia nyuzi ziendelee, na hapo ndipo wasikilizaji huinuka kumtuza.

Baadhi ya rekodi za mapema za muziki wa namna hii katika Afrika ya Mashariki zilifanywa palepale kijijini, mbele ya watu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa na makao Afrika Kusini, alipita Tanganyika na Kenya akiwa na mitambo yake. Huko Kapkatet, Kenya, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa kinubi wimbo wa "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao. Ni kichekesho, lakini kina maana yake: santuri ya gitaa ilikuwa imeshaingia ndani ya muziki wa kinubi kabla bendi za umeme hazijaanza.

Mitindo ya bendi na mtu wa Shirati

Baada ya uhuru karibu kila mji mkubwa wa Tanzania ulikuwa na bendi yake ya dansi, na nyingi zilijiita "jazz" ingawa hazikupiga jazi ya Marekani. Musoma ilikuwa na Mara Jazz na Musoma Jazz. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina, kama alama ya biashara: Morogoro Jazz walipiga Likembe, Western Jazz Saboso, NUTA Jazz Msondo, na Mara Jazz Sensera. Jina la mtindo lilitambulisha zaidi namna magitaa na ngoma zilivyofanya kazi kwenye sehemu ya kasi kuliko maneno ya wimbo. Muundo wa kawaida ulikuwa magitaa mawili au matatu (solo, rithimu na mara nyingine solo la pili), besi, drums, tumba, na kwa bendi zilizokuwa na uwezo, saksofoni na tarumbeta.

Mwana wa Mara aliyerekodiwa zaidi kwa gitaa ni Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa eneo la Shirati, ambalo sasa liko Wilaya ya Rorya. Alihamia Kenya katika miaka ya 1960 na bendi yake akaipa jina la nyumbani: Shirati Jazz. Yeye ni miongoni mwa waliouunda mtindo wa benga. Katika benga gitaa la solo halimsindikizi mwimbaji, linajibizana naye: sauti inasema, gitaa linajibu. Besi inarukaruka badala ya kutembea, na ngoma kubwa hupigwa kwa kila pigo. Wengi wamelitambua humo gitaa linalofanya kazi ya nyatiti. Nyimbo zake za mafumbo ya kisiasa zilimtia matatani zaidi ya mara moja na akawahi kutiwa ndani nchini Kenya. Nje ya Afrika alijulikana zaidi mwaka 1989, albamu mbili za bendi yake zilipotolewa London, "Benga Blast!" na "Piny Ose Mer". Alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu tarehe 17 Mei 2006.

Chemko na upande wa pili wa santuri

Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, yenye beti na kisa. Ya pili ni ya kasi: waimbaji hubaki na kiitikio kifupi au hunyamaza kabisa, na magitaa hushika usukani. Wanamuziki wa Tanzania huiita sehemu hiyo chemko. Wakongo wanayo sebene, na wapigaji wa benga husema klaimaksi. Majina yanatofautiana lakini kazi ni moja, nayo ni kuwatoa watu vitini.

Chemko halina urefu maalumu. Mpiga solo huutazama ukumbi. Kama watu wamekolea, hurudia kipande kilekile mara nyingi, akibadili noti moja hapa na moja pale. Kama wamechoka, huwapa wenzake ishara na wimbo unafungwa. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi leo na dakika ishirini kesho, na zote mbili ni sahihi. Ni vigumu kusema ipi ndiyo "rekodi halisi" ya wimbo kama huo.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuwa na subira hiyo. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hadi tano hivi. Wenye kampuni walitatua tatizo kwa kuukata wimbo vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Msikilizaji aliyekuwa na gramafoni nyumbani alimaliza hadithi upande mmoja, akainuka, akaigeuza sahani, akashusha sindano, ndipo chemko likaanza. Na hata hapo halikuisha. Mara nyingi sauti hufifia polepole mpaka ikapotea huku magitaa yakiwa bado yanachemka. Kufifia huko ni kazi ya fundi aliyeshusha kitufe cha sauti. Bendi jukwaani haiwezi kufifia, lazima imalize.

Fundi wa studio alikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo. Mashine za kucheza santuri kwenye baa zililipwa kwa wimbo, na redio ilikuwa na ratiba. Hata hivyo kilichokatwa ndicho kilichowatofautisha Mara Jazz na bendi ya mji mwingine. Visa vya mapenzi na mawaidha vilifanana kutoka bendi hadi bendi, lakini Sensera haikufanana na Saboso.

Studio ya redio: moja kwa moja bila watu

Kwa bendi nyingi za Tanzania bara, mahali pa kurekodi palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Utangazaji huo ulianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawekwa chini ya serikali kwa jina la RTD. Leo warithi wake ni Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Rekodi za RTD ziko katikati ya jukwaa na studio. Bendi nzima ilipiga pamoja chumbani, mikrofoni zikiwa chache, na wimbo ulinaswa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tumba husikika ndani ya mikrofoni ya mwimbaji, na mpiga besi aliyechelewa kidogo bado anachelewa baada ya miaka hamsini. Kilichokosekana ni watu. Hakuna anayepiga mluzi, hakuna kiti kinachosogezwa, hakuna anayeitwa jina na mwimbaji kwa kuwa ametuza. Mpiga solo hana ukumbi wa kuutazama, kwa hiyo hupiga chemko la wastani na kulifunga.

Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Magitaa hayakukaguliwa, jambo ambalo huenda liliwapa wapigaji uhuru ambao watunzi wa maneno hawakuwa nao. Tepu zilikuwa za kurushia hewani, wala si za kuuza, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka kushika sahani yake mkononi ilitazama Kenya.

Kwa watu wa Musoma jambo hilo lilikuwa na jiografia yake. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, wakati Nairobi ni takriban kilomita 500 tu kupitia Sirari. Musoma pia ilikuwa bandari ya meli za Ziwa Viktoria. Meli ya Victoria, iliyoanza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliiunganisha na Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell ya Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulibaki umefungwa hadi mwaka 1983. Mwanamuziki wa Mara aliyekuwa upande wa kusini wa mpaka sasa alikuwa mbali na studio zote mbili.

Bunda na dansi za safari

Bendi hazikuishi kwa rekodi, ziliishi kwa viingilio. Barabara kuu kutoka Mwanza huingia Mara, hupita Bunda, huachana na tawi la Musoma, kisha huendelea Tarime na Sirari. Bendi iliyosafiri kwa gari ilipita Bunda ikienda na ikirudi. Wilaya hiyo ni ya wakulima wa pamba, na soko la pamba hufunguliwa katikati ya mwaka. Dansi hulipa pale watu wanapokuwa na fedha mfukoni. Katika miji midogo umeme haukuwa wa uhakika, hivyo jenereta lilikuwa sehemu ya vyombo kama tumba. Likizimika, ngoma ziliendelea peke yake mpaka liwake. Hayo yote hayamo kwenye santuri hata moja.

Kaseti

Kilichobadili hali hiyo kilikuwa chombo cha bei nafuu. Utepe wa studio kwenye gurudumu la inchi saba, lenye futi 1,200 za utepe unaokwenda kwa inchi saba na nusu kwa sekunde, hudumu dakika 32 tu, na mashine yake haibebeki kirahisi. Kaseti ya dakika 60 hutoa dakika 30 kila upande na huingia kwenye redio ya mkononi. Kuanzia miaka ya 1970, na zaidi miaka ya 1980, yeyote aliyekuwa na redio kaseti aliweza kuiweka karibu na spika na kunasa chemko zima.

Ubora wa rekodi hizo ni mdogo. Sauti hupasuka pale besi inapopanda, na aliyekaa karibu na redio husikika akiagiza kinywaji kwa uwazi kuliko mwimbaji. Kwa mtafiti wa muziki, hata hivyo, kaseti ya namna hiyo ina mambo ambayo tepu safi ya studio haina. Inaonyesha wimbo ulidumu kwa muda gani, mwendo uliongezeka kiasi gani kati ya mwanzo na mwisho, nani alitajwa na kutuzwa, na kipande kipi cha gitaa kiliwainua watu.

Butiama: sauti iliyohifadhiwa

Mkoa wa Mara una mfano wa jinsi rekodi ya mbele ya watu inavyoweza kutunzwa. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akarudi kuishi huko baada ya kuacha urais mwaka 1985, na akazikwa hukohuko Oktoba 1999. Hotuba zake nyingi zilirekodiwa akiwa jukwaani, na redio ya taifa inazirudia hadi leo. Zinapendwa pamoja na vicheko vya wasikilizaji, ukimya kabla ya jibu, na namna alivyopunguza sauti ili watu wamsogelee. Zikiondolewa hivyo vyote maneno hubaki, lakini mzaha hupotea.

Nyerere mwenyewe aligusia muziki wa dansi. Katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa rais, Desemba 1962, alisema kwamba wengi wamejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti na hata rokinroli, lakini ni wachache wanaozijua ngoma za nyumbani. Alitangaza pia wizara mpya ya utamaduni. Katika miaka iliyofuata dola ilijali sana muziki: bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika ya umma, na redio iliupa muziki wa nyumbani nafasi kubwa. Ila dola hiyo iliyonasa kila hotuba ya mkutano wa hadhara haikupeleka mashine zake kwenye dansi la usiku kwa bidii ileile.

Bendi za wakongwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanamuziki wastaafu wa Tanzania walianzisha Shikamoo Jazz kwa msaada wa shirika la HelpAge, linalohudumia wazee. Jina linatokana na salamu ya heshima anayopewa mtu mzima. Wapigaji wake walikuwa wamepitia bendi za enzi ya santuri. Bendi za wakongwe zina faida moja kwenye rekodi: watu wale wale, waliowahi kukatwa kwa dakika nne, wanaweza kupiga wimbo ule ule kwa urefu waliouzoea ukumbini. Vidole vimepungua kasi, ila mpangilio wa nani anamjibu nani bado wanaukumbuka, na huo haukuandikwa popote.

Kutambua na kutunza

Makofi si ushahidi kwamba rekodi ni ya jukwaani, kwa sababu yanaweza kuongezwa baadaye studioni. Dalili bora ni sauti ya chombo kimoja kuvuja kwenye mikrofoni ya kingine, nyuzi kulegea kidogo kadiri usiku unavyokwenda, mwendo kuongezeka kwenye chemko, na wimbo kumalizika kwa pigo la pamoja badala ya kufifia.

Kaseti za zamani huharibiwa na joto, ukungu na kuchezwa mara kwa mara kwenye mashine chafu. Unyevu wa kando ya ziwa huongeza ukungu. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba zaidi, hivyo hunasa na kunyooka kwa urahisi. Njia inayofaa ni kuichezesha mara moja tu kwenye mashine iliyosafishwa, kuinakili kwenye kompyuta bila kuondoa makelele, na kuandika bendi, ukumbi, mwaka na majina ya wapigaji kadiri wanavyotambuliwa na waliokuwapo. Kuondoa makelele kunaweza kufanywa baadaye kwenye nakala, kuyarudisha hakuwezekani. Vijisehemu vya plastiki vilivyo juu ya kaseti vivunjwe kwanza, ili mtu asirekodi mahubiri au mpira juu yake.

Kumiliki kaseti si sawa na kumiliki muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawapa watumbuizaji haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lao na matumizi ya rekodi hiyo, mbali na haki ya mtunzi wa wimbo. Anayetaka kuuza au kutangaza rekodi ya zamani ya ukumbini anapaswa kuwatafuta wapigaji au warithi wao. Kwa bendi ya watu kumi kazi hiyo si ndogo, hasa pale ambapo jina lililoandikwa kwenye kaseti ni la bendi peke yake.